Somo la Uraia: Je, Vita Vinaweza Kukomeshwa kwa Kufunga Njia za Biashara?

  Fungueni madaftari. Juu ya ukurasa andikeni neno moja: VIKWAZO. Lisomeni kwa sauti, silabi kwa silabi: vi-kwa-zo.

Kikwazo ni kitu kinachomkwaza mtu njiani, kama jiwe au kisiki. Katika mambo ya serikali, vikwazo maana yake ni hii: nchi moja au nyingi zinakataa kununua, kuuza au kupitisha mali ya nchi nyingine, mpaka nchi hiyo itimize jambo fulani.

Natoa mfano wa kijijini. Tuseme mtu mmoja amewanyang'anya jirani zake sehemu ya ufukwe wanapoanikia usipa. Wanakijiji hawataki kumpiga. Wanapatana hivi: hakuna atakayenunua samaki wake, wala atakayemuuzia nyuzi za nyavu, wala mafuta ya taa, mpaka akubali kuketi barazani na wazee. Wote wakishikamana, usipa utamrundikania nyumbani, naye atakwenda barazani kwa miguu yake mwenyewe. Lakini jirani mmoja akimnunulia usiku kwa siri, mapatano yamepata tundu kama wavu uliochanika. Na liko jambo la pili. Watoto wa mtu huyo, ambao hawakumnyang'anya mtu kitu, watalala na njaa. Yashikeni mambo haya mawili, tundu na watoto. Tutayarudia.

Sasa tutoke kijijini, twende Burundi, jirani yetu wa upande wa Kigoma. Mwezi Juni, 1993, Warundi walimchagua Bwana Melchior Ndadaye kuwa Rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, askari walimwua. Mauaji yakaenea, vita vikaanza, na watu kwa maelfu mengi wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere alipewa kazi ya kuwapatanisha. Kazi hiyo ikiwa bado changa, tarehe 25 Julai, 1996, jeshi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya, likamweka Meja Pierre Buyoya.

Wakuu wa nchi jirani hawakupeleka majeshi. Walikutana Arusha tarehe 31 Julai, siku sita tu baadaye, wakaamua kuweka vikwazo. Walitaja masharti matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na serikali izungumze na wote inaopigana nao.

Kwa nini waliona kwamba vikwazo vitakuwa na nguvu? Tazameni ramani iliyo ukutani. Burundi haina bahari. Wakati ule mali yake nyingi ilipita bandari ya Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Bujumbura. Petroli huja kutoka nje. Fedha za kigeni za nchi hiyo zilitoka zaidi katika kahawa na chai. Ninyi majirani wa wakulima wa Mbinga mnaijua kahawa. Isipofika sokoni ni punje tu ndani ya gunia, haiwezi kumlipia mtoto ada wala kununua mbolea.

Basi, nini kilitokea? Kwanza, bei zilipanda. Petroli ikawa ghali, dawa na mbolea zikawa haba. Pili, lile tundu lilionekana. Mali ilipita kwa magendo katika mipaka, na wafanyabiashara wenye magari na wenye rafiki serikalini walitajirika. Tatu, wale watoto wa mfano wetu waliumia. Mkulima wa mlimani, ambaye hakupindua serikali yoyote, alibeba mzigo kuliko mkubwa wa mjini. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Mtu aliyefunga njia ya biashara kwa nia njema hana budi kulikumbuka neno hilo.

Wakuu wa nchi waliliona jambo hili. Mwezi Aprili, 1997, walilegeza vikwazo ili chakula, dawa, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi na pembejeo za kilimo vipite. Na sisi Watanzania pia tulilipa gharama, maana shehena isiyokwenda Burundi ni kazi iliyopungua relini na bandarini Kigoma.

Lakini vikwazo vilileta faida yoyote? Hapa watu wenye busara hawapatani. Wengine husema viliwaumiza wanyonge tu. Wengine husema viliwaonyesha waliopindua serikali kwamba jirani hawatawazoea, na kwamba mlango wa kutokea ni mazungumzo. Tuyatazame mambo yenyewe. Mwezi Juni, 1998, makundi 17 ya Warundi yaliketi Arusha mbele ya Mwalimu Nyerere. Tarehe 23 Januari, 1999, vikwazo vilisimamishwa, na mazungumzo yakaendelea. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba, 1999, kabla ya kuyaona matunda. Mzee Nelson Mandela aliipokea kazi hiyo, na tarehe 28 Agosti, 2000, mapatano yalitiwa sahihi Arusha.

Mapatano hayo yalieleza jinsi ya kugawana madaraka. Katika jeshi, kabila moja lisizidi nusu ya askari. Jambo hilo ni kubwa, kwa sababu Mhutu alikuwa akiliogopa jeshi, na Mtutsi alikuwa akiogopa kubaki bila jeshi. Hofu hizo mbili zilikuwa mzizi wa vita. Kufunga petroli hakungeweza kuung'oa mzizi huo. Ulihitaji maneno, na maneno yalichukua miaka miwili ya kukaa mezani.

Hata hivyo, bunduki hazikunyamaza siku ile. Kwa nini? Kwa sababu makundi mawili yenye wapiganaji porini, CNDD-FDD na FNL, hayakutia sahihi. Kundi la kwanza lilifanya mapatano ya mwisho Dar es Salaam mwezi Novemba, 2003. La pili liliweka silaha chini na kuwa chama cha siasa mwaka 2009. Karibu watu 300,000 wanakisiwa kufa katika vita hivyo.

Sasa tulinganishe na vita vingine viwili. Mwaka 1965 Walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Umoja wa Mataifa uliwawekea vikwazo, lakini tundu lilikuwa kubwa: mali ilipita Afrika Kusini, na pia Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na mwezi Machi, 1976, ikafunga mpaka wake na Rhodesia, ingawa yenyewe ilipoteza mapato mengi. Mazungumzo ya London yalimaliza vita mwezi Desemba, 1979. Vikwazo peke yake havikutosha. Wapigania uhuru nao walikuwa wakipigana.

Vita vya pili ni vya hapo ng'ambo ya Mto Ruvuma. Wazee wa mwambao huu wanawakumbuka wakimbizi wa Msumbiji. Serikali yao na Renamo walizungumza Roma tangu 1990, wakapatana tarehe 4 Oktoba, 1992. Pande zote mbili zilikuwa zimechoka, ukame ulikuwa mkali, na misaada ya kivita kutoka nje ilikuwa imepungua. Huo nao ni msukumo wa uchumi, ingawa haukuandikwa katika azimio lolote.

Ndugu wasikilizaji, tunajifunza nini? Vikwazo vinaweza kumfikisha mtu barazani, lakini haviwezi kumsemea maneno ya kupatana. Kwa hiyo mkisikia redioni kwamba nchi fulani imewekewa vikwazo ili vita viishe, msiseme upesi kwamba ni vyema au ni vibaya. Ulizeni kwanza maswali manne. Je, jirani wote wameshikamana, au liko tundu? Je, chakula na dawa vimeachiwa njia? Je, masharti yamesemwa wazi, na yakitimizwa njia itafunguliwa? Je, wote wenye bunduki wameitwa kuzungumza? Jibu likiwa "hapana" kwa maswali yote manne, wataumia wanyonge tu na vita vitaendelea. Jibu likiwa "ndiyo", matumaini yapo, ijapokuwa huja polepole.

Maneno ya kuandika daftarini

Magendo: biashara ya kupitisha mali kwa siri, kinyume cha sheria.
Masharti: mambo ambayo lazima yatimizwe kwanza.
Mpatanishi: mtu anayewasaidia wagomvi kuelewana.
Shehena: mali iliyopakiwa katika meli, gari au treni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika mfano wa ufukwe, wanakijiji wangefanya nini ili watoto wasilale na njaa?
2. Kwa nini mapatano ya mwaka 2000 hayakunyamazisha bunduki mara moja?
3. Msumbiji ilifunga mpaka ingawa ilipata hasara. Je, mngekuwa ninyi, mngefunga? Toeni sababu.
4. Kila mmoja aandike sentensi tatu zenye neno "vikwazo", kisha amsomee mwenzake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.