Kutanda Nyuzi Kutoka Nyuma Kuja Mbele
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wafumi)



Tumeombwa tuseme juu ya kutanda kitanda cha mfumi, kile cha kukanyaga kwa miguu. Wengine wenu mmeuliza kwa nini jambo la ufundi liletwe katika mkutano wa chama. Sababu ni hii. Katika karakana moja ambayo hatutaitaja jina, wenzetu walikatwa mshahara kwa kuwa nguo yao ilitoka na mistari iliyolegea, na msimamizi akasema ni uvivu wa mfumi. Tulikwenda kuitazama nguo ile. Kosa halikuwa la kufuma. Lilifanyika siku nyuzi zilipozungushwa kwenye gogo la nyuma, na lilifanyika kwa haraka, maana pale mtu hulipwa kwa mita za nguo, na siku ya kutanda haina hata mita moja.

Basi tuanze na hesabu. Chukueni nguo ya upana wa sentimita 80, nyuzi 6 kwa kila sentimita. Hizo ni nyuzi 480. Mkitaka nguo ya mita 10, tandeni mita 12, kwa kuwa mtande hupungua urefu unapopinda juu na chini ya mshindio, na kile kipande cha mwisho kinachobaki nyuma ya viunzi hakifumiki. Nyuzi 480 za mita 12 ni mita 5,760 za uzi, na zote hupita mikononi mwa mtu kabla kitambaa hakijaonekana hata upana wa kidole.

Nyuzi hupimwa kwenye ubao wa vigingi. Huko ndiko unakofanywa msalaba: uzi mmoja hupita juu ya kigingi na mwenziwe chini yake, halafu hupishana. Msalaba ndio unaohifadhi zamu ya kila uzi. Sisi hufanya misalaba miwili, upande mmoja wa uzi mmoja mmoja, na upande wa pili wa mafungu ya nyuzi sita sita. Yote miwili ifungwe kwa kamba ya rangi nyingine kabla mtande haujatolewa ubaoni. Mwenzetu mmoja aliwahi kusahau fundo moja tu, na sisi sote tukakaa sakafuni mpaka jioni tukitafuta uzi upi ni wa kwanza. Fungeni pia kamba kila baada ya mita moja, kisha usukeni mtande kama mnyororo, mkianza upande wa msalaba wa uzi mmoja mmoja, ili ule wa mafungu ubaki juu. Huo ndio utakaotangulia kwenda nyuma.

Nyuma ya kitanda, mafungu hupangwa katika ubao wenye meno, kila nafasi ya sentimita moja fungu moja. Nafasi 80, mafungu 80. Mtande sasa umekwisha kupata upana wake. Ncha zake hutiwa katika fimbo ya gogo la nyuma, na kazi kubwa huanza.

Kazi hii yataka watu wawili. Mmoja huzungusha gogo, wa pili husimama mbele ya kitanda ameushika mtande kwa mikono miwili, amejiegemeza nyuma kwa uzito wa mwili wake. Kila mzunguko utiwe karatasi ngumu au fito nyembamba, pana kupita mtande wenyewe. Bila karatasi, nyuzi za juu huzama kati ya zile za chini. Uzi uliozama huzunguka njia fupi, na uliobaki juu huzunguka njia ndefu, na baada ya mita chache za kufuma mmoja umekaza na jirani yake umelegea. Hiyo ndiyo mistari iliyowakatisha wenzetu mshahara! Waliambiwa karatasi ni gharama, na kila mmoja akaachwa azungushe gogo peke yake.

Nyuzi zikijisokota, msizichane kwa vidole. Kuchana huvuta uzi mmoja na kumwacha mwenziwe. Utikiseni mtande wote, uvuteni kwa nguvu, kisha endeleeni.

Zikibaki kama sentimita 50 mbele ya viunzi, simameni. Tieni vijiti viwili katika msalaba wa uzi mmoja mmoja, vifungeni kwenye kitanda, ndipo mkate ncha. Sasa mfumi huketi mbele, na kwa kulabu huvuta kila uzi katika kitanzi chake: kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kisha tena cha kwanza. Kila kiunzi kitapata nyuzi 120. Hesabuni kila fungu kabla ya kulifunga fundo. Kisha kitana, chenye meno matatu kwa sentimita, nyuzi mbili kila nafasi, mkianza katikati. Mwisho nyuzi hufungwa kwenye fimbo ya mbele kwa mafungu madogo, na kiganja hupitishwa juu yake polepole. Kiganja huona mahali palipolegea kuliko jicho.

Wako wanaotanda kutoka mbele kwenda nyuma, kitana kwanza na gogo mwisho. Hatuwalaumu. Kwa mtande mfupi na mtu aliye peke yake ni njia nzuri, wala haihitaji ubao wa meno. Lakini hapo mtande wote hukwaruzwa katika kitana na vitanzi unapovutwa kwenda nyuma, na kwa uzi mwembamba au mtande mrefu sisi hatuipendi.

Sasa turudi kwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, ndugu zetu. Mtu aliyenyimwa karatasi na msaidizi hakukusudia kuharibu nguo. Na saa za kutanda ni saa za kazi kama za kufuma. Hata tajiri mwenyewe hawezi kuuza mita moja ya nguo ambayo haikutandwa.

Tunataka kulipeleka jambo hili mezani tukiwa na hesabu mkononi. Kwa hiyo kila mfumi aandike katika daftari, tangu mtande wake ujao: nyuzi ngapi, mita ngapi, watu wangapi, alianza saa ngapi na alikwisha saa ngapi, na kama alipewa karatasi. Madaftari yaletwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao. Asiyejua kuandika amwambie jirani yake amwandikie siku ile ile.