Kuhamisha Faili Hadi Diski Mpya: Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Hotuba ya Afisa wa Habari kwa makarani wa wadi na maafisa wa TEHAMA wa kaunti



Kompyuta kadhaa katika ofisi zetu zimejaa, na zitawekewa diski mpya. Mimi si fundi, ni mwandishi wa habari. Nimekubali kuzungumza kwa sababu jambo hili lilishanipata, na sitaki liwapate ninyi.

Katika ofisi niliyofanya kazi kabla ya kuja hapa, tulihamisha faili Ijumaa jioni, kila mtu akiwahi matatu. Mwenzetu mmoja alikuwa bado anaandika kumbukumbu za mkutano wa ushirikishaji wa umma. Alipomaliza, alihifadhi kazi yake kwenye diski ya zamani, wakati nakala ilikuwa imeshachukuliwa. Tukaona majina ya faili yote yapo, tukaifuta diski ile usiku huohuo. Jumatatu kumbukumbu zilifunguka zikiwa na kurasa mbili tu. Ilibidi nirudi kijijini kuwauliza wazee walichosema kuhusu kisima chao. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, sisi tulishasema. Mliandika wapi?" Sikuwa na jibu.

Kompyuta tutakazoanza nazo zinatumia Linux. Humo kila mtumiaji ana folda yake ya nyumbani, na folda hizo hukaa ndani ya /home. Naomba tufuate hatua hizi.

Kwanza, kila mtu afunge kazi yake na atoke kwenye akaunti. Msimamizi aingie kwa akaunti ya root, ambayo folda yake haimo ndani ya /home.

Pili, tuweke nakala ya akiba kwenye diski ya tatu. Diski mpya ni makao mapya, si akiba.

Tatu, tusiburute faili kwa kipanya. Faili ambazo majina yake huanza na nukta hufichwa, na ni rahisi kuziacha nyuma. Tena, msimamizi akinakili ovyo, faili zinaweza kuwa mali ya root na wenyewe washindwe kuziandika. Amri hii hubeba faili pamoja na umiliki na ruhusa zake:

rsync -aHAX /home/ /mnt/mpya/

Msisahau mkwaju baada ya neno home. Ukiuacha, folda ya home yenyewe itaingia ndani ya diski mpya, na watumiaji hawatazipata faili zao mahali walipozizoea. Amri ikimaliza, irudieni. Mara ya pili itanakili tu kilichobadilika au kilichosalia.

Nne, tuiandike diski mpya katika faili ya /etc/fstab kwa kutumia UUID, yaani kitambulisho chake, kwa kuwa jina kama /dev/sdb1 linaweza kubadilika. Kisha folda ya zamani tuipe jina /home.zamani, tutengeneze /home tupu, na tujaribu kwa amri ya mount -a kabla ya kuwasha kompyuta upya.

Tano, na hapa ndipo sisi tulipokosea: kila mwenye faili azifungue mwenyewe. Asitazame jina tu. Asome hadi ukurasa wa mwisho. Faili za zamani zikae angalau mwezi mmoja kabla ya kuguswa.

Mwezi huo ukiisha, diski isiyohitajika tena isitupwe wala kuuzwa hivihivi. Kufuta faili kwa kawaida hakuondoi yaliyomo. Fundi anaweza kuyarudisha. Ndani mna nambari za vitambulisho vya wazazi walioombea watoto wao basari, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde. Diski isafishwe kabisa au iharibiwe.

Ndugu zangu, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo haina maana ikiwa habari zenyewe zilipotea Ijumaa jioni kwa sababu tulikuwa na haraka. Mwananchi akija kutuuliza, "Mliandika wapi?", tuweze kumfungulia faili na kumwonyesha.