Mbolea Yetu, Ziwa Letu: Nani Atalipa?

(Hotuba kwa wakulima na waumini wa Kaplong)



Tumekuja kunena juu ya jambo ambalo wengi hudhani halihusu mageuzi, nalo ni gunia la mbolea. Wengi wetu hulichukua kwa mkopo, na bei yake hukatwa katika malipo ya majani chai. Mvua kubwa ikinyesha kabla mmea haujashiba, sehemu ya fedha hiyo huteremka bondeni. Naitrojeni huyeyuka na kwenda na maji. Fosforasi hushikamana na udongo na kusafiri nao. Mto Kipsonoi huupokea mzigo huo, huungana na Yurith kuwa Mto Sondu, na Sondu humwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Huko, chakula cha chai hugeuka kuwa chakula cha mwani na gugumaji. Mwani ukifa na kuoza, humaliza hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Mwaka 1998 gugumaji lilifunika takriban hekta 17,000 za ziwa upande wa Kenya, na wavuvi wakashindwa kutoa mashua zao. Hatusemi kosa ni letu peke yetu. Majitaka ya miji yamo, na chai iliyokomaa huukinga udongo vyema kuliko mahindi yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto. Lakini sehemu yetu ipo, na ni haki tuikiri.

Tangu ukoloni tumezoea dawa moja, yaani amri na faini. Afisa akiondoka, jembe hurudi mtoni. Sababu si ukaidi. Mkulima anayeuacha ukingo bila kuulima hupoteza mahindi ya watoto wake, ilhali faida humwendea mvuvi wa Nyakach asiyemjua.

Iko njia nyingine, nayo imejaribiwa humu nchini. Katika bonde la Ziwa Naivasha, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, watumiaji wa maji walioko karibu na ziwa walianza mwaka 2010 kuwalipa wakulima wadogo wa nyanda za juu, pande za Wanjohi na Turasha, kwa vocha za kununulia pembejeo. Wakulima nao walipanda miti na kuotesha nyasi za kuzuia udongo. Vocha haikuwa kubwa, lakini nyasi zilezile zililisha ng'ombe.

Nasi tunadai mapatano kama hayo. Maji ya Sondu huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, yenye megawati 60. Kila anayefaidika na maji safi na achangie, na kila mkubwa anayeyachafua na alipe. Ruzuku ya mbolea, mfano wa ile iliyotangazwa na serikali mwaka 2022, hushusha bei ya gunia, lakini haimtuzi anayelizuia lisipotelee mtoni. Basi sehemu ya fedha za namna hiyo na itumike kupima udongo na kuwatuza wanaotunza kingo.

Lakini tahadharini, ndugu zetu. Fedha bila uwazi huliwa njiani. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya watumiaji maji. Tujiunge navyo, watu wa juu na watu wa chini tuketi pamoja, na hesabu zisomwe hadharani. Na aliyepanda nyasi ndiye alipwe. Mara nyingi huyo ni mama, ambaye jina lake halimo katika hatimiliki.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mvuvi wa Nyakach anayo, na mkulima wa Kaplong anayo. Tusingoje kuletewa haki hiyo kama zawadi. Na tuanze katika vijiji vyetu, kabla ya mvua kubwa zijazo.