Kupamba Nyumba Ndogo Siku za Sikukuu



Nimeombwa kusema nanyi juu ya kupamba nyumba ndogo wakati wa sikukuu, na kupamba kwa gharama ndogo. Huenda wengine wenu mmeona kuwa jambo hili ni la anasa, lisilomhusu mtu mwenye chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi mjini, au mwenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili huko mashambani. Mimi naona sivyo. Mwenye nyumba kubwa aweza kukaa miaka miwili bila kupamba, na mgeni asitambue. Lakini katika nyumba ndogo kila kitu huonekana tangu mlangoni: ufa wa ukuta, moshi juu ya jiko, pazia lililopauka. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi ndogo iliyofanywa vizuri katika nyumba ndogo huonekana upesi, na haihitaji fedha nyingi.

Tena jambo hili lina fedha ndani yake, nasi lazima tuseme wazi. Krismasi ni tarehe 25 Desemba, na shule hufunguliwa mwanzoni mwa Januari. Mapambo, chakula cha wageni, nauli ya kwenda nyumbani, sare na vitabu vya watoto, vyote hutoka katika mfuko mmoja. Namjua bwana mmoja aliyenunua mti wa plastiki, karatasi za kumetameta na mapazia mapya ya mkopo, kwa kuwa ndugu zake walikuwa wakija kumtembelea. Wageni walikuja, wakala, wakasifu, wakaondoka. Katika juma la pili la Januari mtoto wake alikuwa angali nyumbani kwa kukosa viatu na sare, na mti ule ulikuwa bado umesimama pembeni, taa zake zikiwaka na kuzimika. Sisemi haya kumcheka, maana aibu ya kuonekana mnyonge mbele ya ndugu ni kitu kizito, na kila mmoja wetu aijua. Nasema ili tuone fedha iende wapi. Fedha na itumike kwa kitu kitakachobaki baada ya sikukuu, yaani ukuta, sakafu na nguo za nyumbani. Kitu cha siku moja au mbili na kitoke shambani, uani, au katika vitu tulivyo navyo tayari.

Basi tuanze na ukuta, kwa sababu ukuta ukiwa mchafu hakuna pambo litakalopendeza juu yake.

Ikiwa nyumba ni ya udongo, kwanza zibeni nyufa. Nyufa ni nyumba za kunguni, na katika sehemu nyingine papasi nao hujificha humo, wale waletao homa. Chukueni udongo uliochekechwa, changanyeni na samadi mbichi ya ng'ombe na maji, kandikeni mara mbili. Nyuzi za majani zilizomo katika samadi huushika udongo usipasuke unapokauka. Akina mama wa Kijaluo huko Nyanza wana ustadi mkubwa katika kazi hii: hutumia udongo mwekundu, mweupe na mweusi, na kuchora mistari na mawimbi kwa vidole wakati ukuta ungali na unyevu. Rangi nyekundu na ya manjano ya udongo hutokana na chuma kilichomo ndani yake, ndiyo maana haipauki kwa jua kama rangi nyingine za dukani. Mwenye kupata udongo wa rangi mbili karibu na kwake, kisimani au ng'amboni mwa mto, hana haja ya kununua kitu. Mstari mwekundu wa kimo cha goti kuzunguka chumba chote hupendeza, na tena huficha alama za miguu ya watoto.

Kwa ukuta wa mawe, matofali au udongo uliokandikwa vema, chokaa ndiyo rafiki ya mtu asiye na fedha. Mfuko mmoja hupaka chumba kidogo na kubakiza, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kopo la rangi. Lakini watu wengi huiharibu kwa haraka. Huchanganya nzito kama uji, hupaka mara moja kwenye ukuta mkavu, na kabla ya Mwaka Mpya imekwisha kubanduka na kuwapaka wageni mabegani. Njia iliyo njema ni hii. Changanyeni chokaa na maji hata iwe nyepesi kama maziwa, ikalale usiku mmoja, kisha ichujeni kwa kitambaa cha gunia. Tieni konzi mbili za chumvi katika ndoo. Upigeni ukuta ufagio, mnyunyizie maji, halafu pakeni. Mara ya kwanza mtaona kama kwamba hamkupaka kitu, maana chokaa mbichi haionekani, msubiri. Kesho yake itakuwa imeanza kuwa nyeupe. Pakeni tena, na mara ya tatu. Chokaa inapokauka huvuta hewa na kugeuka tena kuwa jiwe polepole, basi tabaka tatu nyembamba hushika kuliko moja nene.

Brashi si lazima kununua. Kateni jani la mkonge, pondeni ncha yake kwa jiwe hata nyuzi zitokeze, mtakuwa na brashi itakayomaliza nyumba nzima. Mkitaka rangi, tieni udongo mwekundu uliochekechwa, au buluu kidogo ya kufulia nguo. Lakini chokaa ni kali. Watoto wakae mbali, na ikimwingia mtu jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha aende zahanati bila kukawia. Wenye kupanga na wamwulize mwenye nyumba kwanza. Si wote wapendao kuona ukuta wa buluu.

Jambo jingine ni wakati. Krismasi huja mwisho wa mvua za vuli, basi ukuta wa nje na upakwe siku chache za jua zinapotokea, wala si usiku wa kuamkia sikukuu. Na kwa ndugu zetu Waislamu, Idi hufuata mwezi, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2024 Idi ya kumaliza Ramadhani iliangukia Aprili, wakati wa masika. Ikikaribia majira hayo, yafaa chokaa ipakwe mapema, Februari, kungali kukavu.

Waishio katika vyumba vya mabati hawawezi kupaka chokaa, maana haishiki. Wengi hubandika magazeti au katoni ukutani kwa gundi ya unga. Ni jambo zuri, huzuia baridi na vumbi, tena mgeni aweza kusoma akingoja chai. Ila badilisheni karatasi kila mwaka, kwa kuwa mende hupenda sana gundi ile, na karatasi yoyote isifike karibu na jiko. Nitarudia habari hii ya moto baadaye.

Sasa nguo. Katika nyumba nyingi za Kenya kuna vitambaa vya kufumwa vya kufunika viti na meza. Mara nyingi mama mwenye nyumba hufikiri kununua vipya, na kumbe vya zamani havina kosa ila uchafu na ulegevu. Vifueni, suuzeni kwa maji yenye buluu kidogo, kisha vichovyeni katika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo uliochujwa, vitandazwe juu ya ubao safi na kunyoshwa kwa mkono. Vikikauka vitasimama kama vipya.

Pazia linalotenga kitanda na mahali pa kukaa ndilo ukuta wa pili wa chumba kimoja. Leso mbili, yaani doti moja isiyokatwa, hutosha kazi hiyo. Baada ya sikukuu doti hukatwa na kuvaliwa, na fedha haikupotea. Leso moja yaweza pia kutundikwa ukutani badala ya picha, kwa kuwa pindo lake ni fremu tayari. Lakini someni jina lake kabla ya kuitundika! Majina mengine ya leso yalitungwa kwa ajili ya mawifi na majirani wenye maneno, na mgeni aketiye mbele yake kwa saa tatu atadhani ameandikiwa yeye.

Tukija kwenye majani na maua, hapa ndipo mashamba yanapowashinda matajiri wa mjini. Desturi ya kuweka mti ndani ya nyumba wakati wa Krismasi ilitoka Ujerumani, ikaenea Uingereza hasa baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipotoa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wakiwa na watoto wao kando ya mti. Wao walitumia mti wa nchi zao za baridi. Sisi katika nyanda za juu hutumia msaipresi, ambao nao ni mgeni, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Basi hakuna sheria iliyoandikwa kwamba lazima uwe mti huu au ule. Huko pwani tawi la mvinje lafanya kazi hiyo vizuri, nalo hulia kwa upepo likiwekwa dirishani.

Wengi wana ua wa msaipresi kuzunguka boma. Ukateni ua huo siku mbili tatu kabla ya sikukuu, mtapata matawi bure, na ua utakuwa umenyoshwa. Msikate ncha ya mti mchanga, maana mtauharibu kwa ajili ya siku chache, wala msiingie msitu wa Serikali bila ruhusa. Jazeni debe mchanga, tieni maji, simamisheni matawi humo na kulizungushia debe kipande cha kitenge. Yatakaa mabichi siku kadhaa ikiwa mchanga haukauki. Langoni, migomba miwili iliyokwisha zaa, ikisimamishwa huku na huku, na matawi ya mnazi au ya mkindu yakipindwa juu yake, ni mapokezi yaliyotosha arusi za wazee wetu, yatatosha na mjomba atokaye Nakuru.

Pwani wana jambo moja ambalo ningependa watu wa bara walijue. Wao hupamba nyumba kwa harufu pia. Asumini, rihani na mkadi hufungwa pamoja kuwa kikuba, udi huchomwa jioni, mkeka safi hutandikwa, na chumba kitupu huonekana kimejaa. Ukili uliosukwa kwa miaa ya rangi hushonwa kuwa mkeka, lakini kipande kilichobaki chaweza kupigiliwa juu ya mlango, na hukaa miaka. Mwenye kukosa asumini bara aweza kutumia majani ya mkalitusi au ya mlimau, yaliyofikichwa kidogo na kuwekwa katika bakuli la maji ya moto.

Nilisema nitarudia habari ya moto. Naomba mnisikilize vema, hasa wanaoishi katika nyumba zilizoshikana. Msaipresi una mafuta ndani yake. Ukiwa mbichi huwaka kwa shida, lakini ukikauka huwaka kama uliomwagiwa mafuta ya taa. Msiweke mshumaa juu ya mti wala chini yake. Koroboi isiwekwe chini ya minyororo ya karatasi iliyotundikwa na watoto. Taa ndogo za umeme za bei rahisi, zikiunganishwa pamoja na pasi na televisheni katika waya mmoja wa kuongezea, huuchemsha waya ule, na ukiwa umefichwa chini ya zulia hamtauona mpaka umeshika. Zimeni taa hizo mnapolala na mnapotoka. Katika mitaa kama Kibera na Mukuru moto wa chumba kimoja huchukua safu nzima, na gari la zimamoto halipiti katika vichochoro.

Wekeni ndoo ya mchanga karibu na mlango. Mafuta ya taa yakishika moto yazimeni kwa mchanga au blanketi iliyolowa maji. Mkimwaga maji, moto utaelea na kuenea. Ikiwa ni umeme, kateni umeme kwanza. Na pazia hilo jipya lisizibe tundu la hewa wakati jiko la makaa linawaka ndani, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Nimeulizwa ni siku gani ya kuondoa mapambo. Makanisa mengi huhesabu sikukuu mpaka tarehe 6 Januari, lakini matawi ya msaipresi yasingoje tarehe. Yakianza kupukutika, yatolewe siku hiyo hiyo, yakatwe vipande, yawe ya kuwashia moto wa nje. Migomba itupwe katika shimo la mbolea. Minyororo ya karatasi na utepe vikunjwe katika katoni pamoja na majani makavu ya mwarobaini, kama watu wa pwani wafanyavyo kufukuza wadudu, na katoni iwekwe juu ya kabati. Vitambaa vya viti viacheni mahali pake.