Kujinyima Kupita Kiasi

Mpenzi msikilizaji, wewe unayeshinda na chai kavu ili upungue, nisikilize. Mwaka 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia wanaume 36 waliojitolea chakula kwa karibu nusu, kwa muda wa wiki 24. Walikonda, ndiyo. Lakini miili ilianza kubana matumizi: mapigo ya moyo yalipungua, misuli ikapungua, wakahisi baridi hata kiangazi. Waliporuhusiwa kula, wengi hawakushiba, na mafuta yalirudi haraka kuliko misuli.

Basi usiruke mlo wa mchana, kisha usiku ukamaliza sufuria. Punguza ugali na sukari, ila maharage, dagaa na mboga usiviache. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kisukari, tafadhali muoneni kwanza mtaalamu wa lishe.