Jino la Aliyetibiwa Mionzi Utotoni: Sema Kabla Halijang'olewa

(Mada iliyowasilishwa kwa wazazi, walezi na watumiaji wa huduma za afya)



Mtoto anapomaliza matibabu ya saratani, familia hushukuru na kuyaweka kando makaratasi ya hospitali. Naomba makaratasi hayo yasitupwe, kwa maana yatahitajika siku jino litakapouma.

Tiba ya mionzi inapoelekezwa kichwani, usoni au shingoni huua seli za saratani, lakini hugusa pia tezi za mate, mifupa ya taya na meno yanayoendelea kujengwa ndani yake. Aliyetibiwa kabla ya kutimiza miaka 5 yumo katika hatari kubwa zaidi. Baadhi ya meno yake ya ukubwani huenda yasiote kabisa, au yakaota madogo na yenye mizizi mifupi. Mate yakipungua, kinywa hukauka na meno huoza upesi, hata kwa asiyependa vitu vitamu. Taya nayo huweza kukua upande mmoja kuliko mwingine, au misuli yake ikakakamaa hata mdomo usifunguke vizuri.

Lililo zito kuliko yote ni hili: mfupa wa taya uliopata mionzi mingi hupungukiwa na damu, na kidonda chake hupona kwa shida. Jino liking'olewa bila tahadhari, pengo laweza kubaki wazi na mfupa ukafa. Hatari hiyo hudumu miaka mingi. Daktari anayeifahamu mapema aweza kuliziba jino au kutibu mzizi wake badala ya kuling'oa, au kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa. Asipoambiwa, hatajua.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Omba hospitali ikupe muhtasari wa matibabu wenye aina ya saratani, sehemu iliyopata mionzi, kiasi chake na tarehe. Tunza nakala, na umkabidhi mtoto akikua.

2. Mwonyeshe muhtasari huo kila daktari wa meno kabla hajagusa jino lolote.

3. Mpeleke mtoto kuchunguzwa kinywa kila baada ya miezi 6, hata kama hana maumivu.

4. Soma lebo ya dawa ya meno. Chagua yenye floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Wanaoishi penye maji yenye floraidi nyingi, kama baadhi ya maeneo ya Arusha, wamuulize daktari kabla ya kuongeza jeli au dawa ya kusukutua.

5. Mtoto anywe maji mara kwa mara. Soda na peremende zisiwe dawa ya kinywa kikavu.

Mtumiaji wa huduma ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Daktari akikuambia, "Jino hili ling'olewe," kwanza mwambie, "Mtoto huyu alitibiwa kwa mionzi." Sentensi hiyo moja yaweza kuliokoa taya.