Milango ya Uwanja

Ukimwuliza Mtanzania aliyekwenda Misri mwaka 2019 kuitazama Taifa Stars, atakusimulia mabao. Ni haki yake. Tulikuwa tumekaa miaka 39 bila kuonekana katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu zile za Lagos mwaka 1980. Tulipoifunga Uganda 3-0 mwezi Machi na kufuzu, Rais John Magufuli aliwazawadia wachezaji viwanja Dodoma. Viwanja vya kujenga nyumba, si vya mpira. Huku kwetu Zuzu watoto wangali wakichezea vumbini.

Mimi nami nilikuwapo Cairo usiku wa Juni 27, tulipokutana na Kenya. Simon Msuva alifunga mapema. Michael Olunga akasawazisha, na kabla Wakenya hawajamaliza kushangilia, Mbwana Samatta akatuweka mbele tena. Mwisho tukalala 3-2. Tulitaniana na Wakenya kwa Kiswahili jukwaani, na maneno yalisikika vizuri kabisa, maana viti vingi vilikuwa vitupu.

Jambo hilo lilinishangaza. Mji mkubwa kama ule, wenye watu wanaoupenda mpira kuliko chakula, na uwanja haujai? Asubuhi yake nilimwuliza mzee mmoja muuza chai karibu na nilipofikia. Akaniambia kwamba ili uingie ni lazima uwe na kitambulisho cha shabiki chenye picha yako, na tiketi uinunue kwa intaneti. Yeye alitazamia mpira kwenye televisheni ya mkahawa.

Kisha akanieleza habari ya uwanja wenyewe. Ule Uwanja wa Juni 30, ulioko mashariki ya mji, ndio ambako Februari 8, 2015 mashabiki wa Zamalek walibanwa katika njia nyembamba iliyozungushiwa vyuma. Polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakosa pa kukimbilia. Walikufa watu wasiopungua 20, na mpira ukachezwa hivyo hivyo. Miaka mitatu kabla, huko Port Said, walikuwa wamekufa zaidi ya 70. Kwa miaka mingi ligi ya Misri ikachezwa bila watazamaji, au wachache tu.

Basi dawa waliyoichagua ni kupunguza watu. Dawa hiyo siipendi, kwa sababu inamwacha nje muuza chai. Lakini ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Machi 21, 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa kwa msongamano walipokwenda kumuaga Rais Magufuli.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda tulipewa uenyeji wa fainali za mwaka 2027. Tangu hapo nasikia habari za nyasi, paa na idadi ya viti. Habari za milango sizisikii. Ni mingapi? Ina upana gani? Itafunguliwa saa ngapi kabla ya mchezo? Tiketi zitakaguliwa mbali na ukuta, au pale pale watu wanaposukumana? Na kijana wa Zuzu mwenye simu ya kitochi, asiye na intaneti, tiketi yake atainunulia wapi?